Fangio: Fundi wa Balcarce aliyejua kilichomo kwenye tanki

WAULIZE mashabiki wa langalanga nani dereva bora wa wakati wote. Vijana watakutajia Hamilton au Verstappen. Wa makamo watagawanyika kati ya Senna na Schumacher. Wazee wala hawabishani sana, wanasema Fangio, halafu wanaendelea na kahawa yao.

Na wana hoja. Juan Manuel Fangio alianza mbio 51 za ubingwa wa dunia akashinda 24, yaani karibu kila mbio mbili alishinda moja. Alitwaa ubingwa mara tano, 1951, 1954, 1955, 1956 na 1957, akiendesha magari ya Alfa Romeo, Mercedes, Ferrari na Maserati. Rekodi hiyo ya mataji matano ilikaa mpaka 2003, Schumacher alipochukua la sita. Taji lake la mwisho Fangio alilibeba akiwa na miaka 46, umri ambao dereva wa leo ameshastaafu zamani na anachambua mbio kwenye televisheni.

Haya yote yameandikwa mara nyingi. Kinachosahaulika ni kwamba miaka yake yote ya ubingwa iliangukia kipindi cha ajabu katika mchezo huu, ambapo hakukuwa na sheria yoyote kuhusu mafuta. Kila timu ilipika yake. Kilichokuwa ndani ya matanki yale hakikuwa petroli ya kituoni bali mchanganyiko wa spiriti, benzoli, asetoni na vitu vingine ambavyo leo ukivishika bila glavu utafukuzwa kazi. Mapishi hayo yalimpa Fangio mataji, yakamnyima ushindi mahali pengine, na yalipopigwa marufuku, naye akaondoka.

Mtoto wa fundi ujenzi

Alizaliwa Juni 24, 1911 Balcarce, mji wa wakulima wa viazi kusini mwa Buenos Aires, Argentina. Baba yake, Loreto, alikuwa mhamiaji kutoka Italia aliyefanya kazi za ujenzi. Juan Manuel alikuwa wa nne kati ya watoto sita. Shule aliiacha mapema akaingia gereji, akajifunza kufungua injini kabla hajaruhusiwa kuendesha gari.

Mpira nao aliucheza, tena vizuri. Huko uwanjani ndiko walikompa jina la utani la El Chueco, mwenye matege, kwa sababu ya miguu yake. Jina likamganda maisha yote. Kama si magari, huenda tungekuwa tunamwandika kwenye ukurasa wa soka.

Mbio zake za kwanza aliziendesha 1936 na gari lililokuwa teksi, Ford iliyovuliwa bodi. Hakutaka kujulikana, akajiandikisha kwa jina la Rivadavia. Miaka michache baadaye watu wa Balcarce walichangishana pesa wakamnunulia Chevrolet, na mwaka 1940 alilipa deni hilo kwa kushinda Gran Premio del Norte, mbio za kutoka Buenos Aires hadi Lima, Peru, na kurudi, karibu kilomita 9,500 za vumbi, mito na milima ya Andes. Kule hakuna timu ya mafundi inayokusubiri. Ukiharibikiwa, unalala chini ya gari na spana zako.

Nasisitiza habari za gereji kwa sababu ndizo zilizomtofautisha na wengi aliowakuta Ulaya. Madereva wengi wa wakati ule walikuwa watoto wa matajiri waliopenda kasi. Fangio alikuwa fundi aliyepanda kwenye usukani. Alisikia injini inavyolalamika kabla sindano ya geji haijasogea.

Alifika Ulaya kikamilifu 1949, kwa msaada wa klabu ya magari ya Argentina na serikali ya Perón, akiwa tayari anakaribia miaka 38. Msimu huohuo akashinda Sanremo, Pau, Perpignan, Marseille, Albi na Monza. Alfa Romeo wakamwita. Ubingwa wa dunia ulipoanza 1950 alimaliza wa pili nyuma ya mwenzake wa timu, Giuseppe Farina, kwa pointi 30 dhidi ya 27.

Kwa nini spiriti?

Hebu tusimame hapa kidogo, maana bila kuelewa jambo hili mbio za 1951 hazieleweki.

Muuguzi akikupaka spiriti mkononi kabla ya sindano unasikia ubaridi. Spiriti inapogeuka mvuke inavuta joto kutoka kwenye ngozi yako. Ndani ya injini inafanya kazi ileile, inapoza hewa inayoingia, inapoza pistoni na vali. Hewa baridi inashikamana zaidi, kwa hiyo inaingia nyingi. Tena alkoholi haina haraka ya kulipuka yenyewe ikibanwa, kwa hiyo fundi anaweza kuikandamiza sana bila injini kuanza kugonga. Petroli ya miaka ile ukiifanyia hivyo, inagonga mpaka inatoboa pistoni.

Ubaya wake ni ulafi. Kilo moja ya petroli inahitaji karibu kilo 14.7 za hewa ili iungue sawasawa. Ethanoli, hii itokayo kwenye miwa na nafaka, inahitaji kilo 9 tu, na methanoli kama kilo 6.5. Maana yake kwa hewa ileile lazima umwage mafuta mengi zaidi. Ethanoli ina nguvu kiasi cha asilimia 60 ya petroli kwa uzito, methanoli haifiki hata nusu. Unapata farasi wengi, lakini wanakunywa kama ngamia aliyetoka jangwani.

Ndiyo maana kubadili mchanganyiko hakukuwa suala la kumwaga galoni hili na kuongeza lile. Ukiongeza alkoholi bila kupanua njia za mafuta kwenye kabureta, injini inakosa chakula, inapata joto kali na kuungua. Ukizidisha, plagi zinalowa na gari haliwaki. Halafu alkoholi inapenda maji. Ikiachwa wazi inayanyonya kutoka hewani, na ikiwa imechanganywa na petroli, maji yakizidi vitu viwili hivyo vinaachana, kimoja juu kingine chini, na injini inakunywa tabaka moja badala ya mchanganyiko. Asetoni iliongezwa ili kusaidia viungo vishikane. Baada ya mbio mafundi walimwaga mafuta yote na kusafisha njia zake, la sivyo alkoholi ilianza kula metali.

Mercedes walikuwa mabingwa wa upishi huu tangu kabla ya vita. Mchanganyiko wa gari lao la 1937, W125, unaotajwa mara nyingi ni methanoli asilimia 40, benzoli 32, ethanoli 24 na petroli nyepesi 4. Petroli ilikuwa kama chumvi kwenye mboga.

Na tusisahau kuwa methanoli ni sumu. Watu wetu wanaijua kwa njia mbaya, kwenye habari za pombe haramu iliyopofusha na kuua wanywaji. Mafundi wa Fangio waliimimina kwa ndoo na faneli, wakivuta mvuke wake siku nzima.

Silverstone: Kumbe kiu inaua

Alfa 159 ya mwaka 1951 ilikuwa na injini ya lita 1.5 tu, silinda nane, yenye supachaja, na ilitoa zaidi ya nguvu za farasi 400. Ilikunywa karibu methanoli tupu. Lita moja iliipeleka kama nusu kilomita. Piga hesabu mwenyewe, mbio za kilomita 500 zingetaka lita zinazokaribia 1,000. Hakuna gari la kubeba mzigo huo, kwa hiyo Alfa ilisimama njiani kujaza, tena na tena.

Huko Ferrari mhandisi Aurelio Lampredi alikuwa amefikiri kinyume. Akatengeneza injini kubwa ya lita 4.5 isiyo na supachaja. Nguvu ilipungua kidogo, lakini kiu ilipungua sana.

Julai 14, 1951, Silverstone, Uingereza, hoja hizo mbili zilikutana. Tangu ubingwa uanze, Alfa haikuwa imepoteza Grand Prix hata moja iliyoshiriki. Ferrari iliendeshwa na Froilán González, Muargentina mwenzake Fangio na rafiki yake, mtu mnene aliyeendesha kama anapigana na gari. Wakapokezana uongozi. Kila Fangio alipoingia kujaza, alikaa muda mrefu kuliko González, kwa sababu tanki lake lilikuwa kubwa na tupu zaidi. González alishinda kwa sekunde 51. Ulikuwa ushindi wa kwanza wa Ferrari katika mbio za ubingwa, na kwa maoni yangu pampu ya mafuta ilichangia sawa na mguu wa González.

Taji liliamuliwa Oktoba 28 Pedralbes, Barcelona. Safari hii Ferrari ndio waliokosea, waliweka magurudumu madogo na tairi zikaanza kubanduka. Fangio alishinda mbio na kuchukua ubingwa wake wa kwanza. Alfa, ambao hawakuwa na pesa za kutengeneza gari jipya, wakajitoa.

Mwaka uliofuata nusura afe. Juni 1952 alishindana Dundrod, Ireland ya Kaskazini, akakosa ndege, akaendesha gari usiku kucha kuvuka milima ya Alps na kufika Monza kama nusu saa kabla ya mbio kuanza. Mzunguko wa pili alipoteza gari, akarushwa nje na kuvunjika shingo. Mtu aliyejua injini ikichoka inafanya nini hakujali mwili wake ulipochoka. Msimu ukaishia hapo.

Harufu ya rangi ya viatu

Mercedes walirudi kwenye mbio Julai 1954 na W196, wakamchukua Fangio katikati ya msimu akitokea Maserati. Gari lile lilikuwa mbele ya wakati wake. Mafuta hayakupita kwenye kabureta, yalipigwa moja kwa moja ndani ya silinda na pampu ya Bosch. Mapishi yake yanajulikana, benzoli asilimia 45, methanoli 25, petroli ya ndege 25, asetoni 3 na nitrobenzoli 2. Hii nitrobenzoli ndiyo iliyotoa harufu kama ya rangi ya viatu. Ni sumu inayopenya kwenye ngozi, lakini nani alijali. Gari lilikwenda.

Fangio alishinda mara sita mwaka ule. Katikati ya furaha hiyo, Julai 31, kijana wake Onofre Marimón, Muargentina aliyekuwa akimlea kimichezo, alikufa katika mazoezi ya Nürburgring. Kesho yake Fangio alipanda gari na kushinda. Wapo wanaoona huo ni ugumu wa moyo. Mimi naona ni mtu aliyejua kazi nyingine hana.

Januari 16, 1955, Buenos Aires, joto lilipita nyuzi 35 na mbio zilidumu saa tatu. Madereva walikuwa wanashuka wakiyumba, wanawapokeza wenzao gari, wanamwagiwa maji. Fangio na Roberto Mieres pekee ndio waliomaliza bila kubadilishana na mtu. Bomba la chasisi lililopashwa joto na ekzosi lilimchoma mguu vibaya. Ona kichekesho chake, methanoli ilikuwa inapoza injini, dereva hakuwa na wa kumpoza. Alishinda.

Juni mwaka huo, Le Mans, alikuwa nyuma kidogo ya Pierre Levegh gari la Mfaransa huyo liliporuka na kuangukia watazamaji. Zaidi ya watu 80 walikufa. Fangio alipita katikati ya ile vurugu na kutoka mzima, na siku zote aliamini kwamba Levegh alinyoosha mkono kumwonya. Mwisho wa mwaka Mercedes wakaachana na mbio.

Mwaka 1956 alikuwa Ferrari, na hakuwa na raha. Reims, Ufaransa, bomba la mafuta lilipasuka akiwa anaongoza, likawa linamrushia mchanganyiko ule mwilini. Alimaliza wa nne. Kwake haya hayakuwa bahati mbaya tu. Alidai apewe fundi wake mwenyewe, mmoja anayewajibika kwa gari lake, na akapewa. Taji alilipata Monza baada ya Peter Collins, mwenzake kijana aliyekuwa bado na nafasi ya ubingwa, kumwachia gari lake. Mwaka uliofuata akarudi Maserati, kwa watu aliowapenda.

Nusu tanki Nürburgring

Agosti 4, 1957. Mizunguko 22 ya Nürburgring, kila mmoja kilomita 22.8 za kona zisizohesabika ndani ya msitu. Ferrari za Mike Hawthorn na Collins zilipanga kujaza tanki mpaka juu na tairi ngumu, ziende bila kusimama. Fangio akafanya hesabu ya fundi. Maserati 250F yake ilikuwa inakunywa mchanganyiko ambao nusu yake ni methanoli, na kila lita 100 za mafuta ni karibu kilo 80. Akaanza na nusu tanki na tairi laini, akijua atasimama mara moja.

Ilikwenda kama alivyopanga mpaka mzunguko wa 12, aliposimama. Mafundi walichelewa. Akatoka akiwa nyuma ya Ferrari mbili kwa zaidi ya sekunde 40, na Ferrari wakaona wamemaliza kazi.

Kilichofuata kinasimuliwa mpaka leo. Alivunja rekodi ya uwanja mzunguko baada ya mzunguko, akaishusha hadi dakika 9 na sekunde 17.4, sekunde nane chini ya muda aliotumia kupata nafasi ya kwanza ya kuanzia. Alitumia gia ya juu kwenye kona ambazo kila mtu alishusha. Katika mzunguko wa 21 aliwapita wote wawili, Collins kwanza, kisha Hawthorn, na akashinda kwa sekunde 3.6. Ndio ulikuwa ushindi wake wa mwisho wa ubingwa wa dunia. Baadaye alikiri hajawahi kuendesha vile na hakutaka kurudia tena.

Watu husimulia ushujaa wa mizunguko ile ya mwisho. Sawa. Lakini mbio zile zilianza kushindaniwa asubuhi, pale alipoamua gari liwekewe lita ngapi.

Sheria mpya

Kampuni za mafuta zilikuwa zimechoka. Zilitoa pesa nyingi kwenye mbio, halafu zinatangaza ushindi wa mchanganyiko ambao mteja hawezi kuununua kituoni. Zikashinikiza, na kuanzia 1958 ikawa lazima kutumia petroli ya ndege ya oktani 100/130. Mapishi yakafungwa. Urefu wa mbio nao ukapunguzwa kutoka kilomita 500 hadi 300.

Matokeo yalionekana mbio za kwanza tu, Januari 19, Buenos Aires, nyumbani kwa Fangio. Vanwall na BRM hawakufika, injini zao zilikuwa bado hazijabadilishwa kwa mafuta mapya. Stirling Moss alikuja na Cooper ndogo, injini nyuma, isiyofika hata lita mbili. Kwa alkoholi gari kama lile lingedharauliwa. Sasa lilikunywa kidogo, likaenda mwanzo mpaka mwisho bila kusimama, na kushinda. Fangio alikuwa wa nne. Hesabu aliyoijua yeye kuliko wote ilikuwa imebadilishwa.

Mwezi uliofuata alitekwa Havana na wanamapinduzi wa Fidel Castro waliotaka kuiaibisha serikali ya Batista kabla ya Grand Prix ya Cuba. Walimtendea vizuri, wakamwachia baada ya mbio, na hakuwahi kuwasema vibaya.

Julai 6, 1958, Reims, aliendesha mara ya mwisho. Maserati yake kwa petroli haikuwa ileile, na kanyagio la klachi lilivunjika. Luigi Musso alikufa kwenye mbio hizohizo. Hawthorn, aliyekuwa anaongoza, alimkuta Fangio mbele yake karibu na mwisho na angeweza kumzunguka mara moja zima. Akapunguza mwendo, akamwacha mzee amalize kwenye mzunguko wa washindi. Fangio alikuwa wa nne. Akavua kofia na kuacha kazi.

Alirudi Argentina kufanya biashara na Mercedes, na 1986 Balcarce wakamfungulia jumba la makumbusho. Alkoholi yenyewe ilirudi kwenye langalanga polepole. Mwaka 2022 mafuta ya mbio hizo yaliwekwa ethanoli asilimia 10, mahandisi wakahangaika na hesabu zilezile za joto, hewa na uzito.

Fangio alifariki Buenos Aires Julai 17, 1995, akiwa na miaka 84. Alizikwa Balcarce.